Matanga ya Mamake Sensei

Wasonga, mwenzetu wa chuo, tulimzika Kombewa Jumamosi iliyopita, na kelele zilikuwa za kutosha. Mwenyewe angeridhika. Kulikuwa na spika mbili kubwa kama makabati, kwaya tatu zilizokataa kupeana zamu, na shangazi zake waliokuwa wakiingia langoni mbio, mikono kichwani, wakimlaumu kwa jina lake kwamba ameondoka bila kuaga. Mimi nilikaa hemani na Halima, aliyekuwa ametoka mjini Kisumu asubuhi na buibui lake na chupa yake ya chai, kwa sababu haamini chai ya matanga. Kina mama wa pale Seme hawakuacha kututazama, maana tulipokutana langoni tuliinamiana, mikono mapajani, tukajuliana hali kwa Kijapani. Wanawake wawili wenye magoti mabovu, mmoja mwalimu mstaafu, mwingine muuza vitambaa. Zaidi ya sentensi nne tusingefika. Miaka zaidi ya thelathini ni mingi, na hata enzi zile hatukujua mengi.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na chuo chenyewe kilikuwa huko juu upande wa barabara ya Busia ukishapita Kisian. Somo la Kijapani halikuwa na mtihani wala cheti. Lilibandikwa tu kwenye ubao wa matangazo: saa kumi alasiri, Jumatatu na Alhamisi, maabara ya zamani. Siku ya kwanza tulijaa hadi dirishani kwa sababu kuna mtu aliyekuwa ameeneza habari kwamba kila atakayehudhuria atapelekwa Tokyo. Habari hiyo ilipokufa, tukabaki saba. Wasonga alibaki kwa kuwa alipenda chochote kilichompa nafasi ya kupaza sauti. Halima alibaki kwa kuwa babake alikuwa na duka na aliamini kila lugha ina wateja wake. Mimi nilibaki kwa kiburi: nilikuwa nimeshamwambia kila mtu bwenini kwamba najifunza Kijapani, na sikuwa tayari kuchekwa. Maabara ilikuwa na masinki yasiyo na maji na harufu ya dawa ya kuhifadhia vyura. Tuliketi kwenye stuli ndefu, miguu ikining'inia, tukachora herufi ndani ya vijisanduku, herufi moja mara ishirini, mpaka vidole vikauma.

Mwalimu wetu alikuwa Bi Morita, tuliyemwita Sensei, kama Wajapani wanavyomwita mwalimu. Alikuwa wa makamo, mdogo wa umbo, nywele zimekatwa zikaishia masikioni, na sketi za bluu ambazo sikuwahi kuziona zikiwa na kunyanzi. Kiswahili alikuwa amefundishwa kwao kutoka kitabuni, nacho kilikuwa kimenyooka kiasi cha kutuaibisha. Wasonga alipomwambia, "Sensei, hii kitabu yangu imepotea," yeye alimjibu kwa upole, "Kitabu chako kimepotea wapi?" na sisi wenye nchi tukaangua kicheko. Hakuwahi kupandisha sauti. Tukikosea, alitusubiri. Alitusubiri kwa muda mrefu mno, huku ametabasamu kidogo, hadi mtu akaona afadhali angepigwa rula. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwanzoni subira ile ilinikera sana.

Jumamosi nilikuwa nikienda nyumbani kwake kumsaidia kuandaa stensili za kurudufishia mazoezi. Ilikuwa nyumba ya walimu yenye vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyong'aa, na viatu vilivuliwa mlangoni. Nyumba zetu hazina mambo hayo, na wiki ya kwanza soksi zangu zilinitia aibu. Tukimaliza kazi, alipika. Mchele wa Ahero aliuosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka maji yakatoka maangavu, nami nikakaa nikihesabu safari zangu bombani. Omena, dagaa wa ziwani, alizikata vichwa moja moja, akazichemsha kutengeneza mchuzi, kisha, Mungu nisaidie, akazitoa omena na kuziweka kando ili tunywe mchuzi mtupu. Nilizila zile za kando. Jumamosi iliyofuata nilizikuta kwenye kisahani changu zimekaangwa kwa kitunguu. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Nilikuwa mbali na kwetu kwa mara ya kwanza, na huyu mama mgeni aliona ninachokula.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya muhula wa pili. Nilimkuta anarudi kutoka ofisi kuu, alikokuwa ameitwa kwenye simu. Alivua viatu, akavipanga, akaanza kuosha mchele. Kwenye maji ya tatu akasema, bila kugeuka, "Akoth, mama yangu amefariki Jumanne. Ameshachomwa." Nilidhani Kiswahili chake kimemponyoka kwa mara ya kwanza. Akageuka akaniona nilivyo, akanieleza polepole kwamba ndivyo wanavyofanya kwao, kwamba kaka yake ameshughulikia yote, na kwamba safari ni ndefu na hakuna cha kuwahi. Halafu akafuta mikono. "Tafadhali usimwambie mtu yeyote. Sitaki watu wasumbuke kwa ajili yangu." Nikasema ndiyo. Alipakua wali, akaweka bakuli dogo mbele ya picha kwenye rafu ya vitabu, picha ya mama mzee aliyesimama kando ya baiskeli, kisha akakaa, akala chakula chake chote. Mimi changu nilikiacha. Nilimtazama akitafuna nikaogopa.

Kijana wa leo akisoma hapa ataniuliza niliogopa nini. Niliogopa kwa sababu kwetu kifo hakikai kimya. Mtu akifiwa, analia, jirani anasikia, anaacha jiko lake linaungua anakuja mbio. Anayepata habari ya msiba akaendelea na shughuli zake, watu humwangalia kwa jicho baya, maana ni nani anayeficha kifo kama si yule anayejua kilikotoka? Na marehemu mwenyewe atajionaje, ameondoka kama mtu aliyetoka kwenda dukani? Nilikaa na habari ile Jumapili nzima kama mtu aliyemeza mfupa. Jumatatu tukaingia maabara, tukainama, tukafungua kitabu, na somo, sijui ni bahati gani ile, lilikuwa la watu wa nyumbani. Sensei alimuuliza kila mmoja mama yake yuko wapi. Mama yake Wasonga alikuwa Kombewa. Wangu alikuwa Ahero. Kisha, kama zoezi lilivyotaka, Halima akamgeuzia swali: na wako, Sensei, yuko wapi? Nilitazama sinki. Sensei akajibu kwa sauti ileile ya kila siku kwamba mama yake yuko nyumbani. Halima akapigiwa makofi kwa kuuliza vizuri.

Sikufika mbali. Kwenye kantini, mbele ya sahani ya maharagwe, nikamwambia Wasonga. Aliweka chapati chini. "Akoth, umekaa na kifo ndani ya mdomo siku tatu?"

"Aliniambia nisiseme."

"Na wewe ukakubali? Mtu amefiwa huku ugenini, hana ndugu, hana nani, halafu sisi tunaenda kumuuliza mama yako iko wapi, mama yako iko wapi?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na Wasonga hakuwa mtu wa kuigiza. "Nyasaye, Mungu wangu! Huyu mama atasema Wajaluo ni watu gani?"

Siku ya Jumatano, saa kumi na moja jioni, tulikwenda kumlilia. Nasema tulikwenda kwa sababu nilikuwemo, na nililia kama wengine. Wasonga alikuwa amezunguka chuo kizima. Walikuja wanafunzi wenzetu, kwaya ya chuo, askari wa zamu, na wapishi wote wa jikoni kubwa wakiongozwa na Mama Trufena, mwanamke mnene wa Kisian ambaye hakuwahi kuzungumza na Sensei hata siku moja. Walibeba sukari, kuni, majani ya chai, na kuku wawili. Wasonga alianzia mbali, kwenye lango la nyumba za walimu, akapiga nduru iliyotoa watu madirishani, akakimbia na tawi la majani mkononi, sisi nyuma yake. Mama Trufena alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani, na kilipoanguka hakukiokota. Alilia kwa Dholuo, lugha yetu, machozi ya kweli, akienda huku na huku mbele ya nyumba. Sensei alifungua mlango akiwa na kalamu nyekundu mkononi, alikuwa anasahihisha madaftari yetu. Alitazama matawi, akatazama kuku. Kisha akanitafuta mimi katikati ya watu wote wale, akaniona. Sijasahau uso ule. Haukuwa na hasira, na ningepewa nichague ningechagua hasira. Aliinama sana, kichwa karibu na magoti, akasema, "Asanteni. Tafadhali rudini nyumbani." Mlango ukafungwa. Tulisikia kufuli.

Watu wa kwingine wangeondoka. Sisi tulikaa, maana mfiwa akisema nendeni, unajua ni uchungu unaozungumza, humwachi. Viti vikaletwa kutoka ukumbi wa chakula, moto ukawashwa, kwaya ikaimba. Halima alisimama pembeni ameshika kiuno. "Sisi tungesoma dua, tukala, tukaenda zetu," aliniambia. "Nyinyi mnampigia mtu kelele kwake kama mnafukuza mwizi. Akoth, huyu mama alitaka haya?" Jibu nilikuwa nalijua tangu Jumamosi. Giza lilipoingia watu wakatawanyika, wameridhika, wamefanya lililo jema. Kuku wawili walibaki wamefungwa kwenye nguzo ya veranda.

Alhamisi hakuja darasani. Jumatatu tukakuta karatasi mlangoni, kwa mwandiko wake ulionyooka: hakuna somo. Katibu wa idara akaanza kusema kwamba Sensei ameandika barua ya kuomba kuhamishiwa Nairobi, na Wasonga, maskini, alizunguka akiuliza kila mtu kama kuku hawakutosha. Ni mimi tu niliyejua kosa ni la nani. Jumamosi, saa zile zile za stensili, nikaenda. Nilibisha, akafungua, akabaki amesimama katikati ya mlango. Hakunikaribisha. Nilikuwa nimejiandalia sentensi za Kijapani za kuomba radhi, nimezikariri usiku na mchana, na zote zikayeyuka.

"Nilikuomba," akasema kwa Kiswahili.

"Ndiyo, Sensei."

"Ulisema ndiyo."

"Nilisema."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kwetu mtu akifa na asililiwe, ni kama hakuwa na watu. Nilimwambia sikuweza kuvumilia kumsikia akisema mama yake yuko nyumbani. Alinisubiri, kama darasani. Basi nikaanza kulia, nikachukia kwamba ninalia tena kwenye mlango uleule.

"Mama aliyefunga kitambaa cha kijani," akasema mwishoni. "Alimjua mama yangu?"

"Hapana. Ni Mama Trufena. Anapika jikoni."

"Alikuwa anasema nini?"

Nikamfasiria nilivyoweza. Alikuwa akisema, wewe mama ya mwalimu, umelea mtoto, ukamleta mpaka kwetu, na sisi hatukukupa hata maji. Alikuwa akiwataja pia waliokufa wa kwake, mume na mwanawe wa kwanza, akiwaambia wampokee mgeni. "Na alikuwa anatuuliza jina lake," nikasema. "Huwezi kumlilia mtu vizuri bila jina. Tulitazamana. Hakuna aliyejua."

Sensei alitazama nje, juu ya kichwa changu. Mmoja wa wale kuku alikuwa akikwaruza chini ya dirisha, amefunguliwa kamba.

"Fumi," akasema. "Mwambie huyo mama. Anaitwa Fumi." Kisha akafunga mlango, taratibu.

Nilikimbia hadi jikoni. Mama Trufena alikuwa akisonga ugali wa wanafunzi mia kadhaa kwa mwiko mrefu kama kasia. Nikamwambia jina. Alilirudia mara mbili tatu, akiligeuza kinywani. "Fumi. Fumi nyathiwa," akasema, mtoto wetu Fumi, akaliita kwa sauti ya chini, akilia kidogo, mwiko haukusimama. Kisha akafuta uso kwa mkono wa gauni akaniambia nitoke jikoni kwake kabla sijaunguzwa.

Jumatatu iliyofuata Sensei alikuwa maabarani, sketi ya bluu, chaki mkononi. Hakutaja lolote, na barua ya Nairobi, kama iliwahi kuwepo, hatukuisikia tena. Alitufundisha mwaka wote uliobaki bila kukosa siku. Kuku walianza kutaga, na mara moja moja yai lililochemshwa lilitokea mezani kwa aliyesoma vizuri. Lakini nilipomfuata kumuuliza kuhusu stensili, alisema, "Asante, Akoth. Halima atanisaidia." Aliyasema kwa upole wote. Nilimwonea Halima wivu. Kila Jumapili nilimuuliza walikula nini, naye, mwerevu yule, alinijibu, "Chakula." Darasani Sensei aliniita kwa zamu yangu kama wengine, akanisahihisha kama wengine. Nilikuwa nimeharibu kitu na sikujua pa kukitengenezea. Basi nikasoma. Sijawahi kusoma kitu kama nilivyosoma Kijapani miezi ile, hasira yangu yote niliitia humo, herufi hadi ukingoni mwa karatasi.

Karibu na kufunga mwaka, Mama Trufena aliniita jikoni. Bintiye huko Kisian alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mtoto alikuwa akilia siku ya pili, anakataa titi. Kwetu hilo lina maana yake. Kuna aliyetangulia anayetaka jina lake, na wazee humtajia mtoto majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze. "Tumemtajia nyanya yangu, amekataa," Mama Trufena alisema. "Tumetaja dada ya bwanangu, amekataa. Watu wote ya pande hii na ile, wapi. Asubuhi mimi niko tu nachoka, nikasema, ama ni Fumi? Akanyamaza. Ameshika titi, ananyonya mpaka saa hii." Akaniwekea mkono begani. "Enda umwambie mwalimu. Mama yake iko kwangu."

Ningependa kusema nilikwenda kwa furaha. Nilikwenda kwa hofu, kwa kuwa mara ya mwisho nilipoipeleka desturi yetu kwenye mlango ule niliyaona matokeo yake. Safari hii nilimwambia peke yake, kwa sauti ya chini, na nikamaliza kwa kusema si lazima aende. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza mtoto alilia kwa muda gani. Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni jeusi ambalo sikuwahi kuliona, na kifurushi cha zawadi kilichofungwa kwa kitambaa.

Tulikwenda na pikapu ya jikoni iliyokuwa ikifuata mkaa, Sensei mbele na dereva, mimi na Wasonga, aliyekataa kuachwa, nyuma juu ya magunia. Mama Trufena alikuwa ametangulia, na nyumba ilijaa wanawake. Sensei alivua viatu mlangoni, nao wakacheka, kisha wakaona uso wake wakaacha. Mama Trufena alimketisha kwenye mkeka, akamwekea mtoto mikononi. "Huyu ndiyo mama yako sasa. Ukimwita, utamwita mama. Msalimie."

Sensei alimshika mtoto. Kisha alimlaza taratibu kwenye mkeka mbele yake, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akaanza kusema naye. Hazikuwa sentensi nyingi, labda tano au sita. Zilikuwa za maneno mafupi, maneno ya kitabu cha kwanza, yale ambayo mtu huyatumia nyumbani kwao, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kujifunza nilielewa kila neno bila kulitafsiri kichwani. Sauti yake ikavunjika katika sentensi ya mwisho. Alilia vile tulivyotaka alie siku ile ya kuku, na mimi nikaona sistahili kuwa pale. Niliwagusa wanawake mmoja mmoja bega, nikawatoa nje, nikatoka wa mwisho na kuuvuta mlango.

Uani wote walinizunguka. "Amesema nini?" Mama Trufena akauliza, amenishika mkono. "Akoth, si wewe ndiyo unajua Kijapani? Amemwambia mama yake nini?"

Niliwatazama, nikamtazama Wasonga aliyekuwa ameegemea pikapu, masikio wazi.

"Sijui, Mama," nikasema. "Kijapani ni ngumu."

"Mwaka mzima!" Wasonga akasema, na aliendelea kunicheka kwa hilo mpaka mwezi uliopita, nilipomtembelea hospitalini. "Mwaka mzima, Akoth, na hukusikia hata neno moja?"

"Hata moja," nikamwambia.